Isome kwa Sauti Kabla Hujaikabidhi

Mwanangu Neema,

Insha yako ya vyama vya ushirika uliyonitumia nimeisoma usiku, usingizi ukanipaa. Umeandika vizuri, mama. Pale unapoeleza wakulima wa kahawa walivyobanwa na wanunuzi nilimsomea baba yako, akaniomba nirudie. Lakini nawe unasema utaikabidhi Ijumaa asubuhi kwa kuwa imeisha. Umemaliza kuandika, kusahihisha hujaanza.

Ukurasa wa kwanza umesema KNCU, ule muungano wa ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianza 1925. Kilichoanza 1925 ni KNPA, chama cha wakulima kilichoitangulia. KNCU ikaja 1933 kushika nafasi yake. Tena ukurasa wa nne mwenyewe umeandika 1933! Mtoto wa Kilimanjaro, jina hilo umelisoma pale mjini Moshi tangu ukiwa shule ya msingi. Mwalimu akikutana na kosa hilo mwanzoni, hata yale uliyoyapatia atayatilia shaka.

Swali liandike kwenye karatasi, libandike mbele yako. Umeulizwa kwa nini serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na mkulima aliathirikaje. Wewe umesimulia historia kurasa tano, 1976 ikaambulia aya moja. Punguza huko mwanzo, hata sentensi unazozipenda. Eleza kazi ya kununua na kuuza mazao ilivyohamishiwa mamlaka za serikali, na kijiji kikafanywa ndicho chama cha msingi cha ushirika. Na sheria ya 1982 iliyofungua njia ya kuvirudisha vyama hivyo, mbona umeiruka?

Halafu isome kwa sauti, Neema. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka mingi, najua mwandishi akisoma kimyakimya husoma alichokusudia, kilichokosekana hakioni. Ulimi ukikwama mahali, sentensi hiyo ivunje. Ukimaliza mpe mwenzako wa chumbani aisome bila kumweleza chochote, kisha akuambie hoja yako ni ipi. Asipoijua, rudi mezani.

Aya ya tatu si maneno yako, nakufahamu. Kama umeitoa kitabuni, taja kitabu na ukurasa. Sitaki kusikia umeitwa ofisini kwa wizi wa kitaaluma. Tangu sekondari ndivyo ulivyo, unakuwa wa kwanza kumaliza mtihani kisha unakaa kuangalia dirishani wakati wenzako wanapitia majibu. Akili unayo, hiyo haraka yako ndiyo inayonikosesha raha.

Huku mvua imeanza na upepo umeangusha migomba miwili, ndizi zilikuwa bado changa. Mbuzi amezaa pacha. Mdogo wako anataka viatu vya shule, nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu pesa ya steshenari nimekutumia wewe. Chapisha nakala moja kwanza, uipitie kwa kalamu nyekundu, ndipo uchapishe ya kukabidhi. Usiruke hapo.

Alhamisi jioni nipigie unisomee yote, kwa sauti, hadi mwisho. Baba yako anauliza kama lile koti bado linakutosha. Fundi wa Kiboriloni anasubiri vipimo, vitume leo.

Mama yako