Barua kwa sahibu wa Muscat baada ya nusu fainali mbili

Tanga,
10 Mei 2025

Kwako ndugu yangu na sahibu yangu wa tangu utotoni,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikitumaini kwamba hamjambo nyote. Huku sisi tu wazima, ingawa usiku wa Jumanne na wa Jumatano haukumwacha mtu salama katika upande wetu wa dunia. Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti ulionitumia alfajiri ya Jumatano nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, nakiri, kwa sababu Barcelona yako ilikuwa imetolewa na Inter katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, nami nilidhani kwamba saa chache baadaye Arsenal ingenipa haki ya kukucheka mwaka mzima. Mara ya tatu nilisikiliza nikiwa nimetoka kibanda umiza, mechi ya Paris imekwisha, Arsenal yangu nayo imetolewa na PSG, na sikucheka. Imekuwa kama matanga katika nyumba mbili zinazopakana ukuta, kila mwenye nyumba akidai kwamba msiba wake ndio mzito.

Unadai kwamba mmeonewa, kwamba kabla ya bao la kusawazisha la Acerbi, beki wa Inter, beki wenu Gerard Martín alichezewa faulo, na kwamba mwamuzi akaufumbia macho mchezo mzima. Sitabishana nawe juu ya faulo hiyo, kwani picha nimeziona na kila mtu huziona kwa jezi aliyovaa. Ninalotaka kukuambia ni jambo jingine, ambalo limenikaa kichwani siku hizi tatu: nusu fainali ya mikondo miwili haichezwi kwa dakika 180 tu, bali huchezwa pia katika siku zile zilizo katikati, wakati hakuna mpira unaopigwa na timu inalala na kuamka na matokeo yaleyale. Fainali haina kitu hicho. Fainali ni jioni moja, na jioni moja huweza kumbeba yeyote. Katika nusu fainali timu hupewa muda wa kufikiri, na hapo ndipo tabia yake hujulikana.

Nianze na aibu yangu. Tulikuwa tumetoka kuitoa Real Madrid kwa jumla ya mabao 5-1, Declan Rice akiwa amefunga mipira miwili ya adhabu katika mechi moja, na ilikuwa nusu fainali yetu ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa Ulaya tangu 2009. Kwa hiyo tarehe 29 Aprili tuliingia kibandani tukitembea kwa mwendo wa mabwana harusi. Watu walikuwa bado wanatafuta mahali pa kukaa, maana ilikuwa ndiyo kwanza saa nne usiku imepita, pale Kvaratskhelia wa PSG alipomtengea mpira mwenzake Dembélé, na katika dakika ya 4 tulikuwa nyuma. Kiungo wetu Partey alikuwa akitumikia adhabu ya kadi, Rice akalazimika kurudi chini kuziba nafasi yake, na viungo wa PSG wakapita katikati yetu kama watu wanaojua njia ya mkato. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Merino alifunga kwa kichwa tukaruka, kisha tukaketi tena kwa kuwa alikuwa ameotea. Mechi ikaisha 0-1.

Sasa tazama siku nane zilizofuata. Jumamosi ile PSG, ambao ubingwa wa Ufaransa walikuwa wameshautwaa mapema Aprili, waliwapumzisha wachezaji wao wengi, wakafungwa na Strasbourg, wala hapana aliyepoteza usingizi. Sisi siku hiyohiyo tulifungwa nyumbani 2-1 na Bournemouth tukiwa tumetangulia kwa bao la Rice, na kila mmoja wetu akaanza kuhesabu majeruhi: Gabriel wa nyuma, Havertz, na yule Gabriel mwingine wa mbele. Tulipofika Paris tuliianza mechi vizuri kuliko wao. Kipa wao Donnarumma aliokoa shuti la Martinelli kisha la Ødegaard katika dakika za mwanzo, nami bado naamini kwamba lile la Ødegaard lingeingia leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa. Lakini Fabián Ruiz akafunga dakika ya 27. Kipa wetu Raya akapangua penalti ya Vitinha, tukashangilia kana kwamba tumefunga sisi, na muda mfupi tu baadaye Hakimi akatumaliza. Saka alipata moja dakika ya 76, kisha akapata nafasi nyingine lango likiwa wazi, akapaisha. Hapo mzee mmoja anayekaa kiti cha mbele kila mechi aliinuka, akavaa kandambili zake na kuondoka bila kuaga.

Kocha wetu alisema baada ya mechi kwamba hajaona timu bora kuliko yetu katika mashindano haya. Mimi ni mpenzi wa Arsenal, lakini maneno hayo niliyasikia kwa haya. Timu iliyoruhusu bao la mapema nyumbani, ikakaa siku nane na deni la bao moja tu, na bado ikashindwa kulilipa, imepimwa kwa mizani ya haki. Mwaka 2009 angalau tulikufa haraka. Tulifungwa 1-0 kwa Manchester United, na katika marudiano beki wetu Gibbs akateleza, Park akafunga dakika ya 8, Ronaldo akaongeza kwa mpira wa adhabu dakika ya 11, na chai yangu ilikuwa haijapoa.

Mara moja tu tuliwahi kuvuka, nayo ni 2006, na nakukumbusha kwa sababu wengi wameusahau ubaya wa mechi zile. Tuliifunga Villarreal 1-0 kwa bao la Kolo Touré, katika usiku ambao kindi mmoja aliingia uwanjani na kukimbiakimbia kwa furaha kuliko mchezaji yeyote. Kisha tukaenda Hispania kujifungia mlango kwa dakika 90, hadi mwishoni kipa wetu Lehmann alipopangua penalti ya Riquelme. Haikuwa soka ya kupendeza hata kidogo. Ilikuwa timu iliyojua kwamba imebeba bao moja na kwamba mzigo huo unatosha, kama Simba walivyofanya mwezi uliopita kwa Stellenbosch, 1-0 Zanzibar na 0-0 Afrika Kusini, na leo wanajiandaa kwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. (Mimi ni Yanga, unajua, kwa hiyo sentensi hiyo imenigharimu.)

Nije kwenu. Mkondo wa kwanza wa 3-3 pale kwenu Montjuïc ulikuwa mchezo wa ajabu: Thuram wa Inter alifunga kabla dakika moja haijatimia, Dumfries akaongeza, kisha kijana wa miaka 17, Lamine Yamal, akawapita mabeki kama mtu anayeruka madimbwi baada ya mvua. Lakini siku sita za katikati ziliwafundisha nini? Inter walijua kwamba mshambuliaji wao Lautaro ametoka akiwa ameumia, wakamtibu na kumtunza, na Jumanne akaanza na kufunga. Ninyi mlijua kwamba beki wenu Koundé ameumia na kwamba Dumfries amewatesa kila alipopanda upande wa kulia, lakini mstari wenu wa nyuma ulibaki katikati ya uwanja kama ulivyokuwa. Mlipofungwa 2-0 mkarudisha yote, Eric García na Olmo, na Raphinha alipofunga dakika ya 87 nilikuandikia pongezi ambazo, namshukuru Mungu, mtandao ulizichelewesha. Dakika tatu tu pamoja na za nyongeza, ndugu yangu! Badala ya kuupeleka mpira kwenye kibendera cha kona na kuulalia, mliendelea kutafuta bao la nne. Yamal akagonga mlingoti, na muda mfupi baadaye beki wa miaka 37 alikuwa ndani ya boksi lenu akimalizia krosi ya Dumfries kama mshambuliaji. Lile la Frattesi dakika ya 99 lilikuwa ni kutia saini tu.

Umesema pia kwamba sheria ya bao la ugenini, ile ya kumpitisha aliyefunga mengi ugenini jumla ikilingana, ingekuwapo mngepita. Hesabu tena. Walipata matatu kwenu, mkapata matatu kwao. Sheria hiyo isingeamua lolote, na muda wa ziada ungekuwapo vilevile. Tena ninyi ni watu wa mwisho wa kuililia, maana ndiyo iliyowavusha pale Stamford Bridge mwaka 2009, Iniesta aliposawazisha dakika za nyongeza na Chelsea wakatoka kwa 1-1 bila kufungwa mechi hata moja. UEFA waliifuta 2021, nami siisikitikii. Sheria iliyowahi kuivusha Milan mbele ya Inter mwaka 2003 kwa 0-0 na 1-1, mechi zote mbili zikiwa zimechezwa San Siro, uwanja wa timu zote mbili, ilikuwa na kichekesho ndani yake.

Na wala haikuwa mara yenu ya kwanza. Mwaka 2019 mlikwenda Anfield kwa Liverpool mkiwa na mabao matatu mkononi, Salah na Firmino wakiwa majeruhi, na aliyewafungulia mlango wa kutokea dakika ya 7 na kuufunga dakika ya 79 alikuwa Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars. Nakumbuka ulinipigia simu usiku ule ukiniuliza kama ile kona ya haraka ya Alexander-Arnold iliyozaa bao hilo la mwisho ilikuwa halali, kwa sauti ileile ya alfajiri ya Jumatano.

Fainali ni Munich tarehe 31. Mimi nitakuwa upande wa PSG, kwa sababu wakichukua kombe nitaweza kusema kwamba nilitolewa na bingwa. Nawe nadhani utawaombea Inter kwa hesabu hiyohiyo, ingawa hutakiri. Kesho ninyi mna Real na sisi tuko kwa Liverpool. Simu nitaizima hadi mechi zote mbili ziishe, kwa hiyo usinitumie kitu kabla ya saa tatu usiku ya kwetu, ambayo huko kwenu ni saa nne.

Msalimie shemeji, na umwambie mtoto wako mkubwa kwamba jezi ya Yamal niliyomwahidi iko palepale, matokeo hayajaibadilisha bei.

Ni mimi nduguyo wa Ngamiani