Siyo ufeki wa bati peke yake

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno. Ile habari ya mabati kuoza Mbeya, iliyoishia kwa "wananchi wajihadhari na bidhaa feki", imenishinda.

Bati feki lipo, sikatai. Lakini mwandishi wako angeinama chini ya upenu wa nyumba yoyote ya kando ya barabara kuu pale Uyole. Juu, mvua inapopiga, bati bado linang'aa; chini ya upenu limekuwa rangi ya tofali. Bati ni lile lile. Juu mvua huosha, chini masizi ya malori hubaki, na ukungu wa alfajiri huyalowanisha hadi saa tatu, saa nne. Kutu haingoji mvua. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 80 hivi, chuma hushika utando wa maji usioonekana, na salfa ya moshi wa dizeli na makaa ya mawe huugeuza utando huo tindikali.

Hesabu yenyewe nyepesi. Bati lenye zinki, ule utando unaolikinga na kutu, gramu 100 kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, lina maikroni 7 tu kila upande; maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hewa safi ya shamba hula chini ya maikroni 1 kwa mwaka; penye moshi mzito huliwa 2 hadi 4. Na geji mnayoisifia ni unene wa bati, haikwambii zinki ni kiasi gani! Halafu anakuja fundi na grainda. Anakatia bati juu ya paa, joto linaunguza zinki ya ukingo, vichembe vya chuma vinanata kote, na baada ya wiki mbili paa jipya lina madoadoa ya kahawia. Mwenye nyumba anakimbilia dukani kugomba. Mkasi wa bati una kosa gani? Mwingine anapaka rangi ya mafuta juu ya bati jipya kavu kavu. Mafuta yale na zinki hufanya sabuni, rangi inabanduka kama gamba la nyoka. Lioshwe kwa sabuni, lisuguliwe kwa msasa laini, lipate praima ya mabati, yaani rangi ya msingi, kwanza.

Na tukiwa kwenye moshi: nani karuhusu kuchoma taka katikati ya nyumba kila jioni? Mabomba ya plastiki ya PVC yakiungua hutoa gesi ya tindikali, inatua na umande wa Juni, misumari ya bati ndiyo inayotangulia kuoza.

Ili tujue moshi unakula kiasi gani, wanaokusanya ushuru wa taka wanunue vipande vinne vya zinki, sentimita 10 kwa 15, wavipime uzito, kisha wavitundike vikiwa vimeinama kwa pembe ya digrii 45: Uyole, Mafiati, stendi, na kimoja kule msitu wa Kawetere. Baada ya mwaka wavisafishe kutu, wavipime tena. Maikroni 1 ikiliwa pande zote mbili ni kama gramu 0.2, kwa hiyo waazime mizani ya sonara. Ile ya buchani haitaonyesha kitu.

Fundi bati,
Mbeya