Barua kuhusu Shule ya Mji wa Rugby

Rugby, Uingereza

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote nyumbani. Sisi huku hatujambo, ingawa baridi imeingia mapema. Barua yako nimeipata, na habari kwamba mzee wa mtaani amewapa shamba la kujengea shule imenifurahisha mno. Umeniomba nikueleze historia ya shule ya mji ninaoishi, nami nakuandikia kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa shule hii nayo utajiri wake ulitokana na shamba.

Mwanzilishi wake, Lawrence Sheriff, alikuwa mwenyeji wa Rugby aliyefanya biashara ya viungo na vyakula London, hata akawa anampelekea bidhaa Elizabeth, yule aliyekuja kuwa malkia. Alifariki mwaka 1567, akiwa ameusia kwamba ijengwe shule ya bure kwa wavulana wa Rugby na wa kijiji jirani cha Brownsover. Muda mfupi kabla ya kufa aliubadili wasia huo: alipunguza fedha alizoahidi, badala yake akatoa theluthi moja ya shamba lake nje ya London, kiasi cha ekari 8 za malisho. Wakati ule ardhi hiyo haikuwa na thamani kubwa, lakini jiji lilipopanuka nyumba zilijengwa juu yake, na kodi zake zikaitajirisha shule. Mpaka leo uko mtaa huko London uitwao Rugby Street.

Mwaka 1750 shule ilihamia mahali ilipo sasa. Chini ya Thomas Arnold, mwalimu mkuu kuanzia 1828 hadi 1842, wanafunzi wa darasa la juu walipewa madaraka makubwa ya kuwasimamia wenzao. Viranja waliokuwa wakituamsha alfajiri bwenini walitokana na desturi hiyo ya shule za Kiingereza. Mwaka 1845 wanafunzi wenyewe waliandika kanuni za mchezo wao wa mpira, ndiyo raga ya leo.

Lakini kadiri sifa zilivyoenea, ndivyo watoto wa wenye uwezo walivyozidi kuja kutoka mbali, wakilipa ada na kukaa bweni, mpaka mtoto wa mji, ambaye ndiye aliyetajwa katika wasia, akawa kama mgeni katika shule yake mwenyewe. Kwangu mimi hilo ni jambo la kusikitisha, hata kama hakuna aliyelikusudia. Ilibidi ifike mwaka 1878 ndipo watoto wa hapa wakafunguliwa shule nyingine ya kutwa, ambayo leo inaitwa Lawrence Sheriff School. Hiyo haitozi ada. Watoto huchaguliwa kwa mtihani wanapokaribia miaka 11, na mwanangu anajiandaa nao sasa.

Kwa hiyo nakusihi, kamati isiishie kumshukuru mzee kwa maneno. Hati iandikwe kwa jina la shule, ardhi isiuzwe bali ikodishwe panapobidi, na itajwe bayana ni nafasi ngapi kila mwaka zitabaki kwa watoto wa mtaa bila malipo, hata shule ikija kusifika nchi nzima. Kabla hamjatia saini, niandikie maneno mliyoyaweka humo, nami nitayasoma kwa makini.

Wasalimie wazee wote.

Rafiki yako akupendaye