Alhamisi Hiyo Nenda, Mwanangu

Tukuyu,
9 Novemba 2025.

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta huko Wisconsin, Marekani, unakofundisha Kiswahili, ukiwa mzima wa afya. Sisi huku hatujambo. Mvua za kwanza zimekwisha kuilainisha ardhi, Mlima Rungwe umejifunika ukungu tangu alfajiri, na baba yako yuko shambani anachimba mashimo ya migomba. Nimeamua kukuandikia kwa mkono badala ya kukurekodia sauti kwa sababu ninalotaka kukuambia ni refu, na tukiwa kwenye simu kila nikifika pagumu wewe huanza kulia nami hupoteza maneno. Mdogo wako atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia kwa WhatsApp.

Ujumbe wako wa juzi niliusikiliza mara tatu. Umesema kwamba mwalimu mwenzako wa ofisi ya pili amekualika nyumbani kwake kula chakula cha Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya tarehe 27, na kwamba umekwisha kuamua kumjibu kuwa una kazi nyingi za kusahihisha. Nakuomba, mwanangu, usimjibu hivyo. Kama hujaandika, ngoja kwanza umalize kuisoma barua hii.

Najua moyo wako ulipoumia. Ulinisimulia jinsi ulivyoamka Jumamosi ile ya mwezi wa tisa, ukakanda unga, ukapika chapati kumi, ukazifunga kwenye kitambaa zikiwa bado moto, ukatembea nusu saa mpaka kwa mama huyo huyo kwa nia ya kumsalimu kama tunavyosalimiana huku. Alifungua mlango kidogo, akasimama pale pale kizingitini akiwa na nguo za kulalia, akauliza kama kuna tatizo lolote. Ulipomwambia kuwa hakuna tatizo, kwamba umekuja tu kumwona, alishukuru, akasema angependa mpange siku nyingine, na mlango ukafungwa. Hata kitambaa hukukifungua. Ulirudi nacho, ukala chapati mbili peke yako, nyingine ukaziweka kwenye friji na kuzila wiki nzima, na tangu siku hiyo unasema watu wa huko hawana utu.

Niliposikia habari hiyo nilikasirika pamoja nawe. Mimi ni mama yako. Kwetu, mgeni aliyefika mlangoni na chakula mkononi akaondoka bila kukaa, ni jambo ambalo mtaa mzima ungelizungumza. Lakini nilipolala usiku ule nilikumbuka jambo la ujana wangu ambalo sijawahi kukusimulia sawasawa, kwa kuwa lilinitia aibu kwa miaka mingi.

Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1979, miaka miwili tangu nchi ianze kuandikisha watoto wote shuleni kwa mpango wa UPE, na walimu tulikuwa tukisambazwa kila pembe. Mimi, msichana wa Tukuyu ambaye sikuwa nimewahi kuvuka Makambako, nilipangiwa Newala. Nilipanda treni ya TAZARA Mbeya hadi Dar es Salaam, nikapanda meli hadi Mtwara, kisha nikapakiwa kwenye lori pamoja na magunia. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha muda mfupi tu, sukari na sabuni zilikuwa hazionekani madukani, na nilikuwa na kipande kimoja cha sabuni ambacho bibi yako alinifungia kwenye jani la mgomba mkavu kana kwamba ni dhahabu.

Mama mwenye nyumba niliyopanga alinipokea jioni hiyo, hatukuelewana sana kwa kuwa Kiswahili chake kilichanganyika na Kimakonde na changu kilikuwa cha vitabuni, lakini aliniletea debe la maji. Nilishukuru. Nilioga kama tunavyooga Tukuyu, mahali ambapo mvua hunyesha karibu mwaka mzima na mto hauko mbali na mlango wa mtu; nikafua nguo za safari, na maji yaliyobaki, ambayo yalikuwa zaidi ya robo ya debe, nikayamwaga chini ya mpapai ili nirudishe chombo kikiwa kitupu na safi. Yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, akaniona. Hakusema neno. Alilichukua debe lake, akalitazama ndani, akaingia nalo nyumbani, na kwa siku mbili zilizofuata salamu zake zilikuwa fupi mno. Nami nilikaa chumbani nikajisemea kuwa watu wa huku wana roho ngumu, na kwamba nitahesabu miezi mpaka nihamishwe.

Siku ya tatu nilimwomba mwanafunzi mmoja anionyeshe mahali pa kuteka maji. Tulitoka kukiwa bado giza. Newala iko juu ya uwanda wa Wamakonde, na ardhi ya huko ni ya mchanga, mvua ikinyesha maji huzama chini na kwenda kutokea mbali huko mabondeni. Tulishuka ukingoni, tukashuka tena, bonde la Ruvuma likionekana chini yetu na Msumbiji ng'ambo, mpaka miguu yangu ikaanza kutetemeka. Tukapanga foleni, tukajaza, tukaanza kupanda na ndoo kichwani. Niliporudi kengele ya shule ilikuwa imekwisha kulia, nusu ya maji yangu yalikuwa yamemwagikia mgongoni, na nilijua nilichokimwaga chini ya ule mpapai.

Jioni nilikwenda kwa yule mama, nikapiga magoti kama tunavyowasalimu wakubwa wetu, nikamwomba radhi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha aliniita uani, akachota maji bakuli moja, akanionyesha: uso kwanza, kisha mikono, kisha miguu ikiwa ndani ya karai ili tone lisipotee, na yale yaliyobaki kwenye karai akayamimina kwenye mche wa mwembe. Niliishi katika nyumba ile miaka minne. Alinifundisha kubangua korosho bila kuunguza vidole kwa mafuta ya ganda lake, na nilipougua malaria ndiye aliyenilaza ubavuni kwake.

Sasa turudi kwenye mlango wako wa Jumamosi. Wewe ulikwenda bila kutoa taarifa, mahali ambapo watu hupeana ahadi hata ya kunywa chai. Mama yule alikuwa na nguo za kulalia, pengine nyumba haikufagiliwa, pengine siku hiyo ndiyo pekee anayopumzika. Umemwagia maji mpapai, mwanangu, nawe hukujua, na ni nani angekuambia? Tofauti yako na mimi ni kwamba mimi nililazimika kwenda kumpigia magoti mwenye debe, lakini wewe mwenye debe amekufuata mwenyewe. Alisema mpange siku nyingine, nawe ulidhani ni maneno ya kukufukuza kwa adabu; kumbe alimaanisha, na siku yenyewe ameipanga.

Tena angalia ni siku gani. Nimesoma kwamba sikukuu hiyo ilitangazwa na Abraham Lincoln mwaka 1863, Wamarekani wakiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwamba mpaka leo watu husafiri kutoka majimbo ya mbali ili wakae meza moja na wazazi wao. Huo si mwaliko wa kunywa soda baada ya kazi. Ni kama sisi tumwite mtu aje kula nasi Krismasi, akae na bibi na wajukuu. Mtu hamwiti asiyemtaka katika siku kama hiyo.

Kuhusu kazi yenyewe, nimefundisha miaka 39 na nina neno moja tu. Unalalamika kwamba wanafunzi wanakuita kwa jina lako tupu bila hata kutanguliza mwalimu, kwamba wanaingia darasani na vikombe vya kahawa, na kwamba mmoja hunyosha miguu yake juu ya kiti cha mbele. Lakini wewe huyo huyo ulinieleza kuwa kipindi kikiisha, wanne au watano hubaki wamekuzunguka wakikuuliza kwa nini tunasema kitabu changu na nyumba yangu, kwa nini hiyo herufi inabadilika wakati mwenye mali ni yule yule. Mwanafunzi anayemdharau mwalimu habaki baada ya kipindi. Hukimbia kabla ubao haujafutwa. Heshima ya huko inakaa kwenye swali, ya kwetu inakaa kwenye salamu. Wafundishe shikamoo vizuri, waeleze kwamba tunamwambia mkubwa kuwa tunaishika miguu yake, nao watakuamkia kwenye korido kwa furaha kuliko watoto wa hapa ambao siku hizi huitamka huku wakitazama simu.

Na ngeli zisikuchoshe. Kumbuka kwamba wewe nawe ulijifunza Kiswahili. Siku yako ya pili darasa la kwanza mwalimu alikupa daftari, ukamjibu ndaga, yaani asante, darasa zima likacheka kwa kuwa mlikatazwa kusema Kinyakyusa ndani ya darasa, ukarudi nyumbani unalia umeshika sketi yangu. Ngeli hazikukusumbua kwa sababu lugha ya bibi yako nayo inazo. Kijana wa Wisconsin aliyekulia kwenye Kiingereza peke yake hana pa kushika. Anaanzia mbali kuliko ulipoanzia wewe. Vivyo hivyo habari ya saa, ambayo ulisema imewashinda. Sisi tunahesabu saa kutoka kwenye jua kwa kuwa jua letu halitudanganyi, linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Wao jua lao huzama jioni sana wakati wa kiangazi, na sasa, kama ulivyoniambia, saa kumi na moja jioni haijafika giza limekwisha kuingia. Watoke nje nao siku moja, uwaonyeshe.

Sasa nasema jambo ambalo ni gumu kwangu. Tangu walipobadilisha saa zao Jumapili iliyopita tumeachana kwa saa tisa badala ya nane, na mimi nimezoea: nikiketi kula saa mbili usiku, kwako ni saa tano asubuhi, simu inalia. Siku za kazi tunazungumza kidogo. Lakini Jumamosi na Jumapili unanipigia mara tatu, mara nne, tunakaa saa nzima, nakusikia ukipika, nakusikia ukifua, na ninafurahi kama mtoto. Hata hivyo wiki iliyopita ulisema kwamba tangu ulipotoka kazini Ijumaa mpaka uliporudi Jumatatu hukufungua kinywa kuzungumza na mtu yeyote isipokuwa mimi, na usingizi ulinipotea. Nimekuwa chakula kinachokushibisha kiasi cha kutosha usife njaa, lakini si kiasi cha kukufanya unawiri. Pale Newala hapakuwa na simu. Barua ilichukua wiki tatu, na kwa hiyo nililazimika kwenda kwa yule mama. Kama ningekuwa na bibi yako sikioni kila jioni, debe lile lingebaki kati yetu mpaka leo.

Kwa hiyo nakuomba, mama, Jumamosi tuzungumze mara moja tu, na iwe asubuhi yako. Mchana utoke. Ulisema kuna Wakenya na Wakongo wanaosali pamoja, na kuna mzee wa Tanga anayeuza viungo. Nenda kwao, lakini usiishie kwao peke yao, kwa maana ukijifungia na wanaokumbuka nyumbani mtakumbuka nyumbani tu. Maji ya maziwa ya huko yatakapoganda na watu wakaanza kutembea juu ya barafu, usitazame dirishani. Mwombe mmoja wa wanafunzi wako akupeleke. Naogopa kuliandika hili, na baba yako amesema nisiliandike, lakini ikiwa wenyeji wanapita hapo kwa miguu nawe utapita.

Alhamisi hiyo usiende mikono mitupu. Muulize kwanza kama unaweza kuleta chakula, na saa ngapi ufike, kisha ufike saa hiyo hiyo, si nusu saa baadaye kama tulivyozoea. Pika chapati. Unga ukande kwa maji ya uvuguvugu, uache upumzike chini ya kitambaa kwa muda mrefu kuliko unavyofanya wewe, maana zako huwa ngumu kwa haraka. Chukua na lile pakiti la majani ya chai ya Rungwe ambalo ulisema umelitunza kwa ajili ya siku njema, uwachemshie na maziwa na tangawizi. Wakikuuliza habari zako wakapita bila kusubiri jibu, kama wanavyofanya kazini, usiumie. Mezani watakuwa wamekaa, na hapo utajibu kwa urefu unaoutaka.

Siku hiyo usinipigie. Nitakula saa mbili kama kawaida, simu nitaiacha chumbani. Nipigie Ijumaa, unieleze yule bata mzinga wa sikukuu yao wanamla na nini, na kama watoto wa nyumba hiyo wamekuomba chapati ya pili.

Ni mimi mama yako akupendaye.