Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Dada yangu, jina lako sikulishika, lakini wewe ndiye uliyempokea mdogo wangu usiku ule tulipomleta Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Kampala, kutoka mji wa Bombo, akizungumza na watu tusiowaona. Bibi alishikilia kwamba ni mizimu ya ukoo. Mjomba alikuwa keshamwita shehe. Nilidhani utatucheka. Wewe ukamvutia bibi kiti, ukamwuliza kwa Kiswahili taratibu: mizimu hiyo hutaka nini, na kabla ya huyu ilimpata nani? Ndipo akamtaja kaka yake, aliyeugua vivyo hivyo baada ya vita vya 1979, habari ambayo nyumbani haikuwahi kutajwa. Ukaiandika kwenye faili. Ukasema dua ziendelee, vidonge visikatwe, na asifungwe kamba hata akizidiwa.

Hospitali hiyo ipo tangu 1955, na bado mitaani jina lake ni tusi. (Mbele yangu siku hizi hawathubutu.)

Mdogo wangu amerudi sokoni kuuza nguo. Asante sana. Bibi anakusalimu, na anauliza kwenu ni wapi; anadai una sura ya Kinubi.