"Kidonda mdomoni" hakitoshi kwenye faili ya mgonjwa

Mhariri,

Kazi yangu hapa Kisumu ni ya rekodi za afya: nasoma alichoandika daktari au klinsheni kwenye faili, kisha nakitafutia msimbo wake katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la kumi, yaani ICD-10. Linalonikera ni maneno mawili ninayokutana nayo karibu kila siku, "kidonda mdomoni", yakifuatwa na sahihi na tarehe, basi.

Kidonda kipi? Kile kidogo cha duara ambacho humrudia mtu mara kwa mara na kupona chenyewe katika wiki moja au mbili kina msimbo wake, K12.0. Kinywa kilichochubuliwa na dawa za saratani huingia K12.3. Utandu mweupe ndio wenye hila zaidi. Ule wa kandida, aina ya kuvu, ambao huwapata sana watoto wachanga na watu waliodhoofika kinga, aghalabu hutoka ukifutwa kwa shashi na kuacha wekundu, nao ni B37.0, lakini baka jeupe lisilofutika, hasa kwa mtumiaji wa tumbaku, huenda likawa lukoplakia, K13.2, ambayo inaweza kugeuka saratani. Kufuta kwa shashi ni kazi ya nusu dakika. Matokeo yasipoandikwa, mimi niliye ofisini siwezi kukisia, ninaishia K13.7, kapu la maradhi ya utando wa kinywa yasiyobainishwa.

Nakumbuka faili ya mzee mmoja mvuvi. Alikuja mara tatu ndani ya miezi minne, kila mara akahudumiwa na mtu tofauti, na mara zote akaandikiwa kidonda mdomoni na kupewa dawa ya kusukutua. Safari ya nne ndipo mtu alipoandika: ukingo wa kushoto wa ulimi, kigumu, miezi minne, akatwe kinyama kipimwe. Majibu yaliporudi niliandika C02.1, saratani ya ukingo wa ulimi. Nilirudi kwenye zile kurasa tatu za awali, na hakuna hata moja iliyosema kidonda kilikuwa wapi.

Misimbo hii ndiyo inayojumlishwa kwenye ripoti, kwa hivyo kisichoandikwa hakihesabiwi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Noma huanzia kwenye fizi za mtoto mwenye utapiamlo na kula uso wake kwa muda mfupi mno. Msimbo wake, A69.0, hautaonekana popote ikiwa faili inasema kidonda tu. Wanaotuahidi kwamba ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, itamaliza tatizo hili wasahau: toleo jipya nalo husoma kilichoandikwa.

Naijua foleni ya asubuhi, na sitaki kuwaonea wenzangu wa kliniki. Sisi wa rekodi pia tuna lawama, kwani tumezoea kujaza K13.7 na kunyamaza. Tangu mwezi huu nazirudisha faili za namna hiyo kwa aliyeziandika, zikiwa na kikaratasi chenye maswali matatu: wapi, tangu lini, na je, kilifutika?

Afisa wa rekodi za afya,
Kisumu