Miaka 18 isiwe mwisho wa matunzo kwa mtoto aliyeko masomoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie suala linalowatatiza wazazi wengi waliotalikiana, nalo ni lini hasa wajibu wa kutoa matunzo ya mtoto unakoma. Nilifundisha sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na katika miaka hiyo nimeona wanafunzi wenye uwezo mzuri darasani wakikwama kwa sababu moja tu, kwamba mzazi aliyekuwa akitoa matunzo alikata fedha hizo mara walipotimiza miaka 18.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011), inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na inaeleza kwamba amri ya matunzo, yaani agizo la mahakama linalomtaka mzazi amtunze mtoto wake, hukoma mtoto anapofikia umri huo. Wengi huishia hapo. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, inaipa mahakama mamlaka ya kuiendeleza amri ya matunzo baada ya miaka 18 iwapo kijana bado yuko masomoni au katika mafunzo, na maombi hayo yanaweza kupelekwa na mzazi, na mtu anayemlea, au na kijana mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haikumsahau mtoto ambaye kwa sababu ya ulemavu wa mwili au wa akili hawezi kujikimu. Kwake yeye umri pekee hauifuti amri.

Tuitazame kalenda ya shule zetu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba, akasoma bila kurudia darasa, humaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 na huingia kidato cha tano mwaka anaotimiza 18. Maana yake ni kwamba amri ya matunzo inafikia ukomo katika kipindi kilekile ambacho mtoto amefaulu, amepangiwa shule ya bweni, pengine mkoa wa mbali, na anahitaji kusaidiwa kuliko alivyohitaji akiwa anatembea kwa miguu kwenda shule ya kata. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa fedha 2022/23 Serikali imefuta ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule zake, na ninaishukuru kwa hilo, lakini ada haikuwa mzigo peke yake.

Namkumbuka msichana mmoja aliyenijia na fomu yake ya kujiunga na kidato cha tano. Godoro, shuka, sanduku, ndoo, sare, madaftari na nauli vilikuwa vimeorodheshwa humo, na mama yake, muuza mboga, alikuwa ameweka alama ya kalamu kwenye vile alivyoweza kununua, ambavyo vilikuwa vitatu. Baba yake alikuwa akituma matunzo kwa simu kila mwezi bila kukosa, na hilo ni la kumsifu, lakini mwezi ule alituma ujumbe tu kwamba binti sasa ni mtu mzima na kwamba yeye baba hadaiwi tena na mahakama. Kwa maandishi ya amri aliyokuwa nayo, hakuwa amekosea. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mama, mapema, kwamba angeweza kurudi mahakamani kuomba amri iendelee. Hakuna aliyemwambia, wala mimi wakati ule sikuwa na ufahamu huo.

Upo pia upotoshaji unaosambazwa vijiweni, kwamba matunzo yanakoma mama akiolewa tena, au baba akioa mke mwingine, au mtoto akipelekwa kulelewa na bibi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofuta wajibu wa mzazi. Sheria ya Ndoa inasema wazi kwamba baba ana wajibu wa kuwatunza watoto wake wawe wanaishi naye au wanaishi na mtu mwingine. Kama hali imebadilika kweli, kwa mfano amepoteza kazi, ameugua, au mtoto amehamia kwake, njia iliyopo ni kuiomba mahakama ibadilishe kiwango au iondoe amri. Mahakama hupima kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mzazi huyo, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, kwa hiyo baba mwenye hali ngumu hana sababu ya kuikimbia. Na niwe mkweli kwa upande wa pili: kijana aliyemaliza masomo na kupata kazi hana haki ya kuendelea kudai, na mama anayeficha habari hiyo anamdhulumu mzazi mwenzake.

Ombi langu ni kwa mahakimu na maofisa ustawi wa jamii. Siku amri ya matunzo inaposomwa, wazazi wote wawili waelezwe kwa Kiswahili chepesi tarehe itakapokoma, na waelezwe kwamba inaweza kuendelezwa kwa ajili ya masomo. Maelezo hayo yaandikwe pia kwenye nakala wanayoondoka nayo. Kwa wazazi ambao watoto wao watatimiza miaka 18 mwakani, nashauri waende sasa katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yao wakiwa na nakala ya amri, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya shule, wasisubiri matokeo ya kidato cha nne yatoke.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro